Midoli Mbele ya Kamera, Historia Juu ya Meza

Tarehe 21 Aprili 1934 gazeti la Daily Mail la London lilichapisha picha ambayo haijaacha kuzunguka dunia hadi leo: shingo nyembamba na kichwa kidogo vimechomoza kwenye maji ya ziwa Loch Ness, Scotland. Picha ilipewa jina la daktari wa London, Robert Kenneth Wilson, na wasomaji wengi wakaona kuwa mtu wa heshima ile hawezi kusema uongo. Siri ilikaa karibu miaka 60. Dude lile lilikuwa nyambizi ya kuchezea iliyonunuliwa katika duka la Woolworths, ikabandikwa shingo na kichwa vilivyofinyangwa kwa mkono. Fundi wake alikuwa Christian Spurling, mtoto wa kambo wa Marmaduke Wetherell, mwindaji aliyewahi kutumwa na gazeti hilohilo kumsaka mnyama wa ajabu aliyesemekana kuishi ziwani humo, akarudi na habari za nyayo ambazo baadaye zilibainika kuwa zimechapwa kwa mguu mkavu wa kiboko. Wetherell alifedheheka, akaamua kuwapa waliomfedhehesha kile walichokuwa wakikitaka.

Basi mojawapo ya picha mashuhuri kuliko zote za karne ya 20 ilikuwa picha ya mdoli tangu siku ya kwanza. Wapiga picha wawili wa Uswisi, Jojakim Cortis na Adrian Sonderegger, walipokuja kuijenga upya juu ya meza ya studio yao, waliandika chini yake jina la Wetherell, wala si la daktari. Katika toleo lao ziwa lina ukingo. Mtazamaji anaona maji yanaishia wapi, taa zimesimama wapi, na vifaa gani vimeachwa kando.

Wawili hao walisomea upigaji picha mjini Zurich, na riziki yao ilitokana na kazi za wateja. Mwaka 2012, katika siku ambazo wateja walikuwa haba, walijiuliza swali la utani: je, wao nao hawawezi kutengeneza picha ya mamilioni? Miezi michache kabla, Novemba 2011, picha ya Mjerumani Andreas Gursky iitwayo Rhein II, yenye ukanda wa majani, ukanda wa mto na anga la kijivu, ilikuwa imeuzwa katika mnada wa Christie's mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Wakaijenga kwa mikono yao. Hapo utani ukageuka kazi ya miaka. Wakaitengeneza ile picha ya Joseph Nicéphore Niépce ya mnamo mwaka 1826, picha ya kamera ya kale kuliko zote zilizosalia, inayoonyesha mapaa ya nyumba yaliyoonekana kutoka dirishani kwake. Wakajenga chombo cha anga cha Hindenburg kikiwaka moto mwaka 1937, wingu la bomu juu ya Nagasaki mwaka 1945, alama ya kiatu cha Buzz Aldrin kwenye vumbi la mwezini mwaka 1969. Kitabu chao, Double Take, kilitoka mwaka 2018.

Kinachofanya kazi yao istahili makala nzima ni hatua ya mwisho. Kwanza hupanga kila kitu mpaka kinachoonekana ndani ya kamera kilingane na picha ya asili: mwanga uleule, kivuli kilekile, pembe ileile. Mtu yeyote angepiga hapo na kwenda zake. Wao huirudisha kamera nyuma. Ndipo picha inapojaa chupa za gundi, visu vya kukatia karatasi, mikanda ya kunatisha, miguu ya taa, maboksi na mabaki ya pamba, kwa sababu moshi wa maafa makubwa ya karne iliyopita, mezani kwao, ni pamba. Katikati umo mkasa unaoujua tangu utotoni. Pembeni zimo zana za aliyeutengeneza. Jicho linakwenda na kurudi, halipati pa kutulia.

Wapo wanaoona huu ni mchezo wa watu wazima walioshiba, na kwamba maafa ya watu hayafai kufanywa kwa midoli. Hoja hiyo ina uzito, na itarudiwa hapa mbele. Lakini kabla ya kuikubali, inafaa kuangalia mtu anayejenga picha upya analazimika kufanya nini. Analazimika kuhesabu. Watu ni wangapi? Mkono wa nani umeshika nini? Jua linatoka upande gani? Nani amekatwa na fremu, na kwa nini? Sisi wengine huitazama picha maarufu kwa nukta moja, tukaitambua, tukaipita, kwa kuwa tunadhani tunaijua. Anayejenga hana nafasi hiyo. Kila kitu asichokijua kinamsimamisha.

Mwingereza Mike Stimpson amefanya kazi ya namna hii kwa vijitu vya Lego. Amejenga picha ya Henri Cartier-Bresson ya mwaka 1932, yule bwana anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare, Paris. Amejenga pia wale wafanyakazi 11 wa New York waliokaa kwenye boriti ya chuma wakila chakula cha mchana, miguu ikining'inia juu ya jiji, zaidi ya mita 250 kutoka ardhini. Picha hiyo ilipigwa tarehe 20 Septemba 1932, kwenye ghorofa ya 69 ya jengo la RCA lililokuwa likijengwa pale Rockefeller Center. Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1932 seremala Ole Kirk Christiansen alianza kutengeneza vichezeo katika karakana yake kwenye mji mdogo wa Billund, Denmark, iliyokuja kuwa kampuni ya Lego.

Watu wengi huitazama picha ya boriti kama tukio lililomkuta mpiga picha njiani. Sivyo. Wanaume wale walikuwa mafundi wa kweli na urefu ule ulikuwa wa kweli, lakini kikao kilipangwa ili kulitangaza jengo wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na wapangaji hawapatikani. Siku hiyohiyo walipigwa picha nyingine wakijifanya wamelala kwenye chuma. Majina yao mengi hayajulikani hadi sasa, na hata swali la nani hasa alibonyeza kamera limebishaniwa kwa miaka. Anayeketisha vijitu 11 vya plastiki kwenye boriti ya plastiki, kimoja kikimwashia mwenzake sigara, anarudia kwa uaminifu kile alichofanya mpangaji wa awali: kuweka watu mahali ili waangaliwe. Hajaiharibu picha. Ameonyesha ilivyotengenezwa.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, unatoka kwenye kisiwa cha Iwo Jima.

Tarehe 23 Februari 1945 Joe Rosenthal wa shirika la habari la AP alipiga picha ya wanajeshi sita wa Marekani wakisimamisha bendera juu ya mlima Suribachi. Ilikuwa bendera ya pili siku ile. Ya kwanza, iliyokuwa ndogo, ilishushwa. Rosenthal alipata tuzo ya Pulitzer mwaka huohuo. Watatu kati ya wale sita walikufa kisiwani kabla vita vyake havijaisha. Mwaka 1954 picha ile ilitengenezewa sanamu kubwa ya shaba huko Arlington, na kwa muda wa vizazi viwili imekuwa ikirudiwa kwa kila kitu kinachoweza kusimamishwa: askari wa plastiki wa kijani, vijitu vya Lego, hata keki. Majina ya wale sita yalifundishwa shuleni na kuchongwa kwenye kumbukumbu.

Mwaka 2014 gazeti la Omaha World-Herald la Nebraska liliandika habari za raia wawili waliotilia shaka majina hayo. Mmoja alikuwa mpenzi wa historia anayeishi Ireland. Mwingine aliishi Omaha, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kubuni vichezeo vya watoto. Hawakuwa na cheo wala ufunguo wa makumbusho ya jeshi. Walichukua picha zilizopigwa siku ile na kulinganisha mavazi, mtu kwa mtu. Mhudumu wa tiba John Bradley, aliyesemekana kuwa mmoja wa sita, katika picha nyingine za siku ileile ana suruali iliyokunjwa miguuni. Mtu aliyepewa jina lake kwenye picha ya bendera hajakunja. Mtu huyo ana ukingo wa kofia unaochungulia chini ya helmeti, Bradley hana. Mkanda wa kiunoni nao haulingani: mmoja ni wa kubebea risasi za bunduki, mwingine ni wa mtu wa tiba.

Jeshi la Marine lilichunguza, na Juni 2016 likakiri: Bradley hakuwemo. Aliyekuwemo ni Harold Schultz, aliyeishi maisha yake yote bila kudai lolote hadharani, na alikuwa amefariki mwaka 1995. Mwaka 2019 jina jingine likabadilishwa. Rene Gagnon akatoka, akaingia Harold Keller. Hili halikuwa kosa la kwanza, kwa sababu hata mwaka 1947 jina moja lilikuwa limekwisha kusahihishwa. Kwa zaidi ya miaka 70 taifa lenye nguvu kuliko yote duniani liliitazama picha yake pendwa kuliko zote, likaichapa kwenye stempu na kuimwaga katika shaba, bila kugundua kwamba suruali haifanani.

Si ajabu kwamba mmoja wa waliogundua ni mtu wa vichezeo. Kazi yake inamtaka ajue kofia inakaaje kichwani, mkanda unazunguka wapi, pindo la suruali linaishia wapi, maana mtoto akipata askari ambaye kofia yake si yenyewe atauliza. Makala haya yanashikilia jambo hilo kwa nguvu zote: kuijenga picha upya kwa vitu vidogo ni namna ya kusoma, na kwa picha nyingi ni namna bora kuliko kuzitazama tu ukutani.

Tena kuna mahali ambapo mdoli hupita palipofungwa. Tarehe 5 Juni 1989, katika barabara ya Chang'an mjini Beijing, mtu mmoja mwenye mifuko mkononi alisimama mbele ya msafara wa vifaru. Wapiga picha kadhaa, akiwemo Jeff Widener wa AP na Stuart Franklin wa Magnum, walimpiga kutoka hoteli ya Beijing. Jina lake halijulikani hata leo, na ndani ya China picha hiyo hairuhusiwi kuonekana. Stimpson ameijenga kwa Lego; Cortis na Sonderegger wamejenga ile ya Franklin. Lakini toleo lililogusa zaidi lilitoka kwa Wachina wenyewe. Mwaka 2013 msanii Mholanzi Florentijn Hofman alikuwa amemweka bata wake mkubwa wa njano, yule wa kuchezea bafuni, aelee katika bandari ya Hong Kong. Siku ya kumbukumbu ya matukio ya 1989 ilipokaribia, mtu akachukua picha ya Beijing, akaondoa vifaru, akaweka bata wanne wa njano mmoja nyuma ya mwingine. Kila aliyeiona alielewa. Mtandao wa Weibo ukayafungia maneno "bata mkubwa wa njano". Serikali yenye jeshi la mamilioni ya watu ilijikuta ikipambana na kichezeo cha mtoto anayeoga, na haikuwa na namna nyingine, kwa sababu kile kichezeo kilikuwa kimebeba picha nzima mgongoni.

Msanii wa Marekani David Levinthal alichukua njia tofauti na ya Waswisi, na kazi yake inasumbua kwa sababu hiyohiyo. Akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1970 alianza kupanga askari wa kuchezea sakafuni na kuwapiga picha kwa karibu mno, akiacha sehemu kubwa iwe na ukungu. Pamoja na mchora katuni Garry Trudeau walitoa mwaka 1977 kitabu Hitler Moves East, kuhusu vita vya Ujerumani na Urusi vya mwaka 1941 hadi 1943. Alichapa picha zake kwenye karatasi ya Kodalith iliyozipa rangi ya hudhurungi, na ukifungua kurasa zile haraka utaapa kwamba kuna mtu aliyekuwepo vitani na kamera. Levinthal anaficha mshono. Cortis na Sonderegger wanauacha wazi. Msomaji wa Levinthal hupata mshtuko mara moja, anapogundua kwamba amehuzunikia plastiki. Baada ya hapo hubaki na swali gumu kuhusu picha zote za vita alizowahi kuziamini kwa sababu tu zilikuwa na ukungu na rangi ya zamani.

Sasa ile hoja ya heshima, kwamba maafa ya watu hayafai kufanywa kwa midoli.

Kijitu cha Lego kwa umbo lake la sasa kilianza kuuzwa mwaka 1978. Kina urefu wa takriban sentimita 4, hakina viwiko wala magoti, na kwa miaka 11 ya kwanza vyote vilikuwa na uso mmoja: nukta mbili na tabasamu. Nyuso nyingine zilikuja mwaka 1989 pamoja na maharamia. Tabasamu lile si kitu kidogo. Chukua picha ya Alfred Eisenstaedt ya tarehe 14 Agosti 1945, baharia akimbusu mwanamke mwenye sare nyeupe pale Times Square siku ya mwisho wa vita. Ni moja ya picha zinazorudiwa sana kwa midoli, na ni rahisi kuona sababu: watu wawili, nguo nyeusi na nyeupe, furaha. Greta Zimmer Friedman, ambaye wengi wanaamini ndiye mwanamke yule, alieleza uzeeni kwamba hakuombwa wala hakuchagua. Mtu asiyemjua alimvamia na kumshika kwa nguvu. Ukiijua habari hiyo, ukaitazama tena picha ya asili, unauona mkono wa baharia ulivyomkaba mwanamke. Ushahidi umo. Katika toleo la vijitu viwili vinavyotabasamu ushahidi umefutwa, na umefutwa na kiwanda kabla msanii hajagusa chochote.

Kwa hiyo chombo kina maadili yake. Uso unaotabasamu siku zote hauwezi kubeba picha ya mtoto anayelia, na ni vyema usijaribu. Tarehe 8 Juni 1972, huko Trang Bang, Vietnam, msichana wa miaka 9, Phan Thi Kim Phuc, alipigwa picha akikimbia uchi, ngozi yake ikiwa imeungua kwa napalm. Yeye yu hai, anaishi Kanada, na amewahi kueleza jinsi picha ile ilivyomwandama. Kumfanya mdoli ili kuonyesha ufundi wa kupanga barabara na moshi ni kumvua nguo mara ya pili. Hakuna kitu ambacho mikono ingejifunza pale ambacho kingelipa gharama hiyo.

Mpolandi Zbigniew Libera alilielewa hilo kuliko wengi, na akaligeuza kuwa silaha. Mwaka 1996 alitengeneza maboksi saba yanayofanana kabisa na yale ya madukani, yenye nembo ya Lego na picha ya kilichomo. Kilichomo kilikuwa kambi ya mateso ya Wanazi: mabweni, uzio wa miiba, vijitu vya mifupa vilivyofanywa kuwa wafungwa weupe, na walinzi wenye nguo nyeusi. Vipande vilikuwa vya Lego halisi, kampuni yenyewe ilimpatia, na ilipoona kazi ililalamika vikali. Mwaka uliofuata Libera alijitoa katika maonyesho ya Venice baada ya kuombwa asiipeleke kazi hiyo. Wapo manusura na watoto wa manusura walioumia kuiona, na maumivu yao ni ya haki. Lakini Libera hakuwa akicheza na wafu. Alikuwa akituonyesha jinsi tulivyokwisha kulifungasha tukio lile katika picha chache zinazojulikana, tayari kuuzwa. Katika mfululizo wake wa baadaye, Pozytywy, wa mwaka 2002 na 2003, alizirudia picha mashuhuri za mateso kwa watu hai waliovalishwa vizuri na kutabasamu. Jicho linaitambua picha ya zamani kwa umbo lake, kisha linashtuka kukuta maumivu yameondoka. Anayeziona huondoka akijiuliza ni mara ngapi ameitambua picha bila kuona aliyemo.

Hadi hapa habari ni ya picha zilizopo. Sehemu nzito zaidi ni ya zile ambazo hazikupigwa.

Rithy Panh alikuwa mtoto mjini Phnom Penh tarehe 17 Aprili 1975, siku majeshi ya Khmer Rouge yalipouteka mji na kuwafukuza wakazi wote kwenda mashambani. Wazazi wake na ndugu zake kadhaa walikufa kwa njaa na maradhi. Utawala ule, uliodumu hadi mwanzoni mwa 1979 na kugharimu maisha ya watu wanaokadiriwa kufikia milioni 1.7, ulikuwa na kamera. Ulipiga filamu za wakulima wenye furaha wakibeba udongo. Njaa ya nyumbani kwa akina Panh haikupigwa na mtu. Mwaka 2013 alitoa filamu ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Picha Iliyokosekana. Mchongaji Sarith Mang alimtengenezea mamia ya vijitu vya udongo vilivyopakwa rangi kwa mkono, na Panh akavipanga: baba mwenye suti nyeupe, watoto mbavu nje, wodi ya wagonjwa. Havitembei wala havisemi. Kamera ndiyo inayosogea kati yao. Filamu ilishinda tuzo ya Un Certain Regard pale Cannes na ikawa ya kwanza ya Kambodia kuteuliwa kugombea Oscar. Vijitu vile ni vya udongo wa nchi ileile ambamo wale wanaowakilishwa navyo wamelala, na Panh hamdanganyi mtu hata kwa dakika moja kwamba ni kitu kingine.

Wasomaji wa Kiswahili wana jirani wa kazi hii. Mjini Lubumbashi, kati ya mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya Kongo katika michoro zaidi ya 100, tangu kabla ya Wabelgiji hadi utawala wa Mobutu, na akaieleza mmoja baada ya mwingine kwa Kiswahili cha Katanga, huku mwanaanthropolojia Johannes Fabian akirekodi. Mingine inafuata picha za magazeti ambazo kila Mkongo alizijua. Mingine haikuwa na picha ya kufuata. Waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, Patrice Lumumba, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku wa tarehe 17 Januari 1961 si mbali na mji huo, miili yao ikaharibiwa kwa tindikali ili pasibaki hata kaburi. Mwaka 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa familia jino moja la Lumumba. Waliofanya vile walikusudia kusiwe na cha kutazama. Tshibumba akachora miili mitatu na misalaba mitatu. Hakudai kwamba alikuwepo. Jina lake limeandikwa kwenye mchoro, rangi zinaonekana zilivyopakwa, na anayetaka kubisha anajua wa kumbishia.

Jambo hilo la kujua wa kumbishia ndilo linaloifanya midoli iwe habari ya leo, na si ya wakusanyaji wa Ulaya pekee. Mwezi Machi 2023 picha ya Papa Francis akiwa na koti jeupe la kufutuka ilipita kwenye simu za mamilioni ya watu kabla ya kujulikana kuwa ilitengenezwa na programu ya akili mnemba. Mwezi uliofuata Mjerumani Boris Eldagsen aliikataa tuzo ya picha ya Sony aliyokuwa ameshinda, akaeleza kuwa wale wanawake wawili wa picha yake, walioonekana kama wametoka miaka ya 1940, hawakuwahi kuzaliwa. Aliituma ili kuwajaribu waamuzi. Picha hizi hazina ukingo wa meza. Ukiirudisha kamera nyuma hakuna studio, hakuna gundi, hakuna mtu. Kijana wa Mwanza au Mombasa anapokea kwa siku moja picha nyingi kuliko alizoziona babu yake maisha mazima, na hakuna aliyemfundisha kuuliza mwanga unatoka upande gani.

Hapo shule zetu zina nafasi, na gharama yake ni ndogo. Wazazi wa Kenya wanajua jinsi mtaala wa umilisi unavyowarudisha watoto nyumbani na kazi za kutengeneza vitu. Wengi wamelalamika, mara nyingi kwa haki, kwamba kifaa kinatengenezwa, kinapewa alama na kutupwa. Mikono ya watoto wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania inajua tayari kutengeneza gari kwa waya na vizibo, ng'ombe kwa udongo, mtu kwa bua la mahindi. Hawahitaji Lego. Wape picha moja ya historia, wiki mbili, boksi la katoni na simu moja yenye kamera. Sharti liwe moja tu: watoe picha mbili, ya kwanza inayolingana na ya asili, ya pili kamera ikiwa imerudi nyuma, meza na mikono yao ikionekana. Makumbusho na idara za nyaraka zingeweza kuwasaidia kwa kuwapa nakala safi, badala ya zile zilizofifia za vitabuni ambazo nyuso zimekuwa madoa meusi.

Kuna picha moja ambayo darasa la Kenya lingeanza nayo. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Picha yake inayojulikana kuliko zote inamwonyesha amelazwa kwenye machela, mikono imefungwa pingu, nywele ndefu zimesokotana, na serikali ya kikoloni iliisambaza kwa vipeperushi ili kuwakatisha tamaa waliobaki msituni. Tangu mwaka 2007 sanamu yake katikati ya Nairobi inamwonyesha amesimama wima na bunduki. Mtoto atakayemfinyanga Kimathi wa kwenye machela atauliza kwanza kuhusu pingu na machela. Kisha, akitaka picha yake ilingane na ya asili, itabidi aamue simu yake aishike kimo gani juu ya mtu aliyelala, na mwalimu hana budi kuwa tayari kumjibu atakapouliza ni nani aliyekuwa amesimama pale, na ni nani aliyemtuma.